Bati la Pangaboi

Mdogo wangu watu wanamwita Pangaboi, na yeye anaitika bila aibu, basi na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina hilo hakuliokota; pangaboi ni feni. Tangu anaota ndevu anatengeneza feni: za dari, za mezani, za kusimama, na zile za ukutani zinazogeuza shingo huku na huku kama mwanamke mbea. Ukimletea iliyoungua anaifungua, anaitoa waya wote, anaizungushia mpya, halafu anaiwasha anakaa chini kuitazama inavyokwenda, mdomo wazi, kama wenzake wanavyotazama mpira. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye yuko juu ya ngazi kwenye ukumbi wa watu, anafunga feni. Walipomwita akasema namaliza hii ya mwisho.

Mkewe ni wifi yangu. Nimseme hapa mwanzoni, tusije tukasumbuana mbele. Siku ya harusi yake nilimshonea gauni, kwa cherehani hii hii ninayokanyaga leo. Akalijaribu, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Limenikaa, wifi, asante sana." Akatoka hapo moja kwa moja kwa fundi mwingine, likafumuliwa mabega. Nilikuja kuliona ukumbini. Watu wanapiga vigelegele, mimi natazama mshono wa mtu baki kwenye kitambaa changu. Sijamsamehe na sioni haraka iko wapi. Ana mtoto aliyeolewa sasa, gauni lenyewe limeliwa na nondo, lakini yale mabega mimi bado nayaona.

Tunakaa nyumba moja aliyotuachia baba. Mimi chumba cha mbele, cha dirisha la barabarani, wao vyumba vya nyuma, katikati ua wa saruji wenye bomba na kamba za kuanikia. Gati liko karibu kiasi kwamba nikiwa cherehanini nasikia watu wakisukumana kugombea nafasi. Maana baba alituachia na boti pia. Boti ya mbao, pana, ya kuvusha watu wa kiwandani na wa hospitali kwenda ng'ambo ya ziwa. Ukikataa maji ukazunguka kwa barabara, unafika wenzako wanarudi.

Ile boti ilikuwa na injini, na injini ilizeeka. Ikaanza kukohoa. Ikawa inazima katikati ya maji, abiria wanapiga kasia kwa ndara zao. Mafuta nayo yakawa ya kusaka kama dawa. Ilipokata roho kabisa, Pangaboi aliipanga vipande vipande uani, akavizunguka siku nzima kama anayetafuta ndugu yake kwenye ajali. Mwisho akaja mlangoni kwangu.

"Dada, upepo wote huu unatoka ng'ambo kuja huku, kutwa nzima."

"Najua. Ndio unaowachelewesha watu. Unawapiga usoni."

"Basi huo huo unaonipiga usoni ndio utakaonipeleka."

Nikamshika kipaji cha uso. Homa hakuwa nayo.

Nitaeleza kama alivyonieleza mimi. Unasimamisha nguzo katikati ya boti. Juu ya nguzo unaweka mapanga makubwa, mfano wa feni ya dari iliyosimamishwa wima. Upepo unayazungusha. Ndani ya nguzo kuna chuma kirefu kinachozunguka nayo, kinashuka mpaka kwenye difu la gari bovu, difu linaugeuza ule mzunguko ulale, unakwenda nyuma kwenye propela majini. Juu upepo unazungusha, chini propela inasukuma maji, boti inakwenda. Tanga hakuna. Na tanga lisingetufaa, maana chombo cha tanga kikikutana na upepo wa usoni kinakwenda upande huu, kinarudi upande ule, kama mlevi anayetafuta kwao. Njia yetu nyembamba. Kushoto watu wameweka vizimba vya kufugia samaki, kulia mawe. Pa kuyumbia hapapo.

"Na upepo ukizidi?" nilimuuliza. "Feni unazima swichi. Upepo swichi yake iko wapi?"

Akacheka. "Nimeiweka. Ni mkia."

Nyuma ya mapanga alifunga mkia wa bati, umekaa kwenye bawaba kama mlango. Mkia ukinyooka, mapanga yanautazama upepo. Ukivuta kamba, mkia unakunjika, mapanga yanaupa upepo bega, yanapoa. Ukiachia kamba, springi inaurudisha. Na breki ya kukanyaga ilikuwepo, ya pikipiki. "Lakini hiyo breki ni ya kumshika aliyekwisha tulia," aliniambia. "Wa kutuliza ni mkia."

Maneno hayo yalikuja kunirudia nikiwa mahali ambapo sina pa kukimbilia.

Alijaribia juu ya paa. Paa la nani? La chumba changu, maana ndilo la zege. Mapanga ya kwanza yalimtia aibu. Upepo unavuma mpaka mashuka ya jirani yanahama kamba, mapanga yenyewe yanajitikisa kidogo yanasimama, kama mtu anayeogopa maji ya baridi. Vijana wakipita barabarani wanapaaza sauti, "Pangaboi, umesahau kuchomeka kwenye umeme!" Akaingia ndani akalala chali, hali, haogi, anatazama feni ya darini kwake. Wifi akamletea sahani, akasimama nayo mlangoni.

"Baba watoto," akamwambia, "wewe maisha yako yote umetengeneza kitu cha kuupeleka upepo. Sasa unataka kitu cha kupelekwa na upepo, na umekichonga vile vile."

Mtu akainuka akasimama juu ya kitanda. Akalipapasa panga la ile feni, tumbo lake na mgongo wake. Akakimbilia juu bila viatu, akayafungua mapanga yote, akayapindua matumbo yakautazama upepo. Mchana ule ule yalinguruma, vumbi la darini likaniangukia kichwani. Wifi alisema neno la maana siku ile. Kama liko lingine, sikuwepo.

Basi sasa shida ikawa bati. Upepo ukija kwa kishindo, mkia unajikunja wenyewe, springi inaurudisha, unagonga chuma: kwaa! Ukitulia kidogo ukaja tena: kwaa! Mimi chini nashona kola, mkono unaruka, mshono unakwenda unakotaka. Mteja ananiuliza, "Mama, nyumba yako inavunjwa?" Nikatoka uani, nikasema kwa sauti ya kuwafikia wa nyuma:

"Ama bati hilo linyamaze, au napanda na nyundo mimi mwenyewe!"

Wifi alikuwa bombani anaosha vyombo. Hakuinua kichwa. Siku iliyofuata bati kimya. Nikasema kumbe watu wana masikio wakitaka.

Nieleweke hapo. Mimi nilisema linyamaze. Zaidi ya hapo sikusema.

Wakaishusha ile mitambo yote nzima nzima, wakaipachika kwenye boti. Asubuhi za utulivu alikuwa anatoka nayo peke yake mpaka karibu na vizimba, anarudi, breki inatosha. Kamba ya mkia hakuishughulikia sana. Aliiona ikifanya kazi juu ya paa, akaridhika. Kibanda chake cha feni akakirudisha kwa mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu mwenye kazi mbili anaweza kukosea moja. Huyu alibaki na moja, na hiyo moja inasubiri mkaguzi.

Mkaguzi wa vyombo ndiye anayetoa kibali cha kupakia abiria. Akikataa, boti inavutwa nchi kavu inalazwa kifudifudi, na kuna mtu mwenye boti ya plastiki alikuwa anaikodolea nafasi yetu gatini, kila asubuhi anakuja kupima kwa macho kama anaingia. Mkaguzi mwenyewe alikuja uani kwetu, mtu mzima, kofia ngumu kichwani, sauti ya chini ya mtu anayesoma habari za msiba. Akasema jaribio ni siku ya upepo wa kweli. Chombo kiende ng'ambo moja kwa moja kikiwa na uzito, kisimame gatini bila kugonga. Kikigeuka njiani, kimeshindwa.

"Uzito nimeandaa," Pangaboi akasema. "Mifuko ya mchanga."

"Mchanga sitaki. Mchanga hauogopi. Nataka watu."

"Nitatafuta vibarua."

"Vibarua sitaki pia. Watu wako. Mtu akipakia ndugu zake anakaza nati zote."

Siku ilipofika, ukoo mzima uliugua. Mmoja jino. Mmoja kizunguzungu, na hata kitandani hajatoka. Binamu yetu fundi bomba alituma ujumbe kwamba hawezi kutoka nyumbani, anamsubiri fundi bomba. Wakabaki wifi, binti yao, na mume wa binti, ambaye namshukuru Mungu kwa mwili aliompa maana alijaza nafasi ya watu watatu. Bado haikutosha. Pangaboi akaja akasimama mlangoni kwangu.

"Dada, bila wewe hatutimii."

"Kuogelea sijui."

"Najua."

"Na mkeo sikai naye benchi moja."

"Kaa la mbele. Dada, nakuomba."

Alikuwa amenyoa, amevaa shati nililomshonea mimi, kalifunga vifungo mpaka shingoni kama mtoto anayepelekwa shule. Nikainuka. Mkasi wangu nikautia kwenye mfuko wa aproni, maana huo siuachi nyumbani. Mkasi ule haujawahi kukata karatasi, haujawahi kukata nywele, na haujawahi kushikwa na mkono usio wangu. Watu wanaujua.

Wakanivalisha jaketi la kuelea, nikawa kama mto uliofungwa kamba. Gatini watu wamejaa kututazama, na yule wa boti ya plastiki kajipanga mbele kabisa, mikono mfukoni.

"Mama, mnaaga au mnasafiri?" akanichokoza.

"Naenda kumtafutia mama yako mchumba huko ng'ambo," nikamwambia, nikapanda.

Upepo siku ile ulikuwa na mikono. Pangaboi akaachia breki, mapanga yakajivuta, yakashika, yakaanza kuvuma juu ya vichwa vyetu, na ile boti, jamani, ikaondoka. Ikaufuata upepo uso kwa uso bila moshi, bila kukohoa. Maji yananirukia mdomoni. Nyuma nikasikia watu wa gatini wamenyamaza. Binti akapiga kelele, "Baba, tunakwenda! Shangazi, tunakwenda!" Mimi nimekumbatia benchi, nasema moyoni haya, na twende, lakini twende polepole.

Hatukwenda polepole. Tulipovipita vizimba vya kwanza upepo uliongezeka, mlio wa mapanga ukabadilika. Mwanzo ulikuwa mvumo, sasa ukawa mluzi. Nguzo ikaanza kutetemeka, na mtetemeko ukashuka kwenye mbao, ukaingia kwenye benchi, ukanipanda mpaka menoni. Mkaguzi akashika kofia yake.

"Punguza," akasema.

"Napunguza," Pangaboi akasema, akavuta kamba ya mkia.

Mkia haukukunjika.

Akavuta tena. Nikaona mishipa ya shingo. Mkwe, aliyekuwa anatapikia pembeni tangu tuondoke, akaja akashika kamba nyuma yake, wakavuta wote wawili kama wanaotoa gari matopeni. Bati limenyooka vile vile. Pangaboi akakanyaga breki kwa mguu wote. Breki ikalia, ikatoa moshi, harufu ya kuungua ikatupitia puani, mapanga hayakujua hata kama yamekanyagwa.

"Yaachanishe mapanga na propela!" mkaguzi akapiga kelele. Sauti ya msiba ilikwisha kumtoka.

"Nikiyaachanisha yatakimbia bila mzigo, yatapasuka! Mapanga yataturukia!"

Mbele gati la ng'ambo linakuja. Nalijua gati lile, la zege, na siku hiyo wauguzi wa zamu walikuwa wamekaa kwenye ngazi zake na mabegi yao. Nikaanza kuwaona rangi za nguo. Kushoto vizimba, kamba zake za nailoni ziko juu ya maji zinangoja propela. Kulia mawe. Nilitaka kuomba, nikakuta nahesabu pini kwenye aproni yangu kwa vidole.

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa hatazami mapanga wala gati. Alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, akanitazama mimi. Halafu akatazama mbele, kule alikokuwa anakwenda tangu injini ilipokufa. Akausukuma usukani mpaka mwisho.

Boti ikalala ubavu. Maji yakaingia, tukaangukiana, mkwe kanilalia miguu yote miwili. Nikaona kizimba kinapita karibu kiasi cha kuweza kushika wavu wake. Juu ya nguzo, kichwa cha mapanga kikazunguka kuufuata upepo. Tukawa tumeupa mgongo.

Na palepale kukawa kimya. Sijui nisemeje, ni kama mtu aliyekuwa anakufokea usoni, ukageuka ukaanza kutembea, mkawa mnakwenda pamoja. Upepo unakwenda na sisi tunakwenda nao, haututafuni tena. Mluzi ukashuka ukawa mvumo, mvumo ukawa pumzi. Pangaboi akakanyaga breki, safari hii ikashika. Mapanga yakasimama. Boti inasukumwa tu na mawimbi kurudi nyumbani.

Pangaboi alikaa kwenye sakafu yenye maji, mguu kwenye breki, kamba mapajani.

"Nimegeuka," akasema. Si kwa mtu yeyote. "Nimegeuka njiani."

Mimi nilikuwa nimelala chali, mkwe bado hajanitoka miguuni, nikawa sina cha kutazama ila juu. Mkia sasa ulikuwa umekuja upande wetu wa mbele, juu ya kichwa changu. Kwenye bawaba niliona kitambaa, kimezungushwa, kimezungushwa tena, kimefungwa fundo juu ya fundo. Mafundi feni wana tabia hiyo, kiungo wakishakipaka grisi wanakiviringishia kitambaa kuzuia vumbi. Hata Pangaboi alikuwa anakiona kila siku akidhani ni mkono wake. Lakini huyo hufunga kilegevu, kidole kinapita. Na mimi kile kitambaa nilikijua. Maua ya bluu, kingo za njano. Mapazia ya mwenye duka la dawa. Vipande vilivyobaki niliviweka kwenye kapu langu, mlangoni kwangu.

"Kile kitambaa changu kimefikaje kule?"

Wifi akaweka mkono mdomoni.

"Nakuuliza wewe. Kimefikaje?"

"Ulisema lina kelele," akasema. "Ulisema utapanda na nyundo. Nikapanda mimi nikalifunga. Nikasema akija kulishusha atakifungua."

"Nilisema linyamaze! Nani alikwambia ufunge?"

"Ungelinyamazishaje bila kulifunga, wifi? Ungelibembeleza?"

Pangaboi ameinua kichwa, anatutazama. Nilitegemea atamfokea. Ningekuwa mimi, maji ya ziwa lile yangechemka. Badala yake akamgeukia mkaguzi, akasema, "Ni kosa langu. Sikukagua bawaba kabla ya kutoka."

Ndivyo alivyo. Hajui hata kumlaumu anayestahili. Mama alimdekeza.

Wifi alikwisha panda kwenye benchi la mbele, ananyoosha mikono, kucha zinachuna yale mafundo. Yalikuwa yamelowa yakakaza. Akajaribu kwa meno, hafiki. Nyumbani kwetu gatini watu walikuwa wanakua kila nikitazama, na yule wa plastiki nadhani alikwisha toa mikono mfukoni. Wifi akageuka akanitazama. Hakuomba. Alitazama mfuko wa aproni yangu, akajizuia, akarudi kwenye mafundo na kucha zake.

Nikautoa mkasi. Nikamshikisha.

"Kitambaa tu," nikamwambia. "Ukigusa chuma, nakutupa majini na jaketi lako."

Alikata. Anakata vizuri, lazima niseme, anakwenda na uzi. Kitambaa kikaanguka kipande kipande. Fundo la mwisho lilipokatika, ule mkia ulijirusha kwenye springi yake, kwaa!, ukampiga kiwiko. Mkasi ukamtoka. Niliuona ukipinduka hewani, mdomo wazi, ukaingia majini bila hata kurusha tone.

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi..."

"Nimeona," nikasema.

Mkaguzi alikuwa amelowa mpaka kofia ndani. Akasafisha koo. "Basi. Tumeona ya kutosha. Turudi."

Na Pangaboi, mdogo wangu huyo, akaitikia, "Sawa, mzee." Akaushika usukani kurudi, kujitoa mwenyewe.

Mimi hapo sikuweza. "Wewe mkaguzi," nikasema. "Umenitoa kwenye cherehani yangu. Umenivika godoro. Huyu mkwe kanikalia, na mkasi wangu uko na samaki. Sasa unirudishe nilikotoka, kwa kazi gani? Mimi naenda ng'ambo. Ndiko ulikonipakia kwenda."

"Mama, chombo kimegeuka."

"Kiligeuka ili wewe usikutwe kwenye ngazi za gati unaokotwa kwa koleo. Upepo si ndio huo huo? Bati si limefunguliwa? Au unataka siku nyingine? Siku nyingine mimi sipandi, na uzito huupati. Mchanga huutaki."

Akatazama maji. Akamtazama Pangaboi, akautazama mkia. Jasho au maji, sijui, yalikuwa yanamdondoka puani.

"Uvute kwanza," akamwambia. "Niuone."

Pangaboi akavuta kamba. Bati likakunjika ubavuni, laini, kama mtu anayekunja mkono. Akaachia. Kwaa! Akavuta. Akaachia. Kwaa!

"Geuza," mkaguzi akasema.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa mara ya pili. Niliogopa zaidi, maana sasa nilijua ninachoogopa. Tulipoupa upepo uso tena, mapanga yakaamka, mvumo ukapanda, ukawa unataka kuwa mluzi, na mimi nimeishika kamba ya jaketi kwa meno. Pangaboi akavuta kidogo. Mluzi ukakatika. Akaachia kidogo, tukasogea. Akawa anaicheza ile kamba kama anayevuta pumzi na kuitoa, vizimba vinapita, mawe yanapita. Wifi alikuwa amekaa benchi langu. Wapi pengine pa kukaa palikuwa mkavu? Bega lake lilikuwa linagonga langu kila wimbi, na hatukutazamana.

Gati lilipokaribia akavuta kamba yote. Mapanga yakaupa upepo bega, yakazunguka polepole, yakakata tamaa. Boti ikaja ikaligusa zege kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Muuguzi mmoja kwenye ngazi hata hakuinua macho kwenye simu yake.

Mkaguzi alishuka wa kwanza, akasimama kwenye nchi kavu kwa muda kuhakikisha kwamba ni kavu. Pangaboi alibaki ndani ya boti, ameshika kamba, anamtazama mdomo. Sijapata kumwona mtu anamtazama mwenzake mdomo namna ile.

"Kibali nitatoa," mkaguzi akasema. "Lakini kila asubuhi kabla hujapakia, mbele ya abiria wote, bati hilo livutwe liachiwe. Nataka mtu aliyesimama mwisho wa foleni alisikie. Siku lisiposikika, hakuna safari."

Ndiyo hiyo kazi ya mdogo wangu mpaka leo. Yule wa boti ya plastiki alihamia gati jingine. Watu wa kiwandani wamezoea, wanapanda na magazeti yao. Upepo ukipita kiasi hatoki, anakaa gatini anawatengenezea feni bure, na mimi siku hizo ndizo ninazoshona vizuri.

Wifi aliniletea mkasi mpya, umefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Mzuri, wa chuma kizito. Niliupokea, nikamwambia asante. Naukatia karatasi za vipimo. Kila akipita dirishani ananiona ninavyoukatia karatasi, na ananielewa.

Ila kuna jambo la asubuhi. Nakuwa nimekaa cherehanini, nguo iko chini ya sindano, na watu nawasikia wanapanga foleni. Mguu wangu unasimama wenyewe. Uani wifi anafagia, ufagio wake nao unasimama. Ukimya wa namna ile siupendi, unanikumbusha mafundo. Siku nyingine unachukua muda, labda kuna abiria anabishana, labda kamba imelowa, mimi sijui, natazama ukuta. Naye kule nyuma simsikii hata akihema.

Kwaa!

Ufagio unaanza. Na mimi nakanyaga.